Arusha Haikumwona Muuza Silaha

(Hotuba kwa wanafunzi wa sheria na mawakili vijana, Arusha)

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa mawakili, wanafunzi wa sheria, mabibi na mabwana,

Ahsanteni kwa kunialika. Mmeniomba nizungumzie dhamana ya wanaouza silaha, mbele ya sheria na mbele ya dhamiri. Kwa kuwa tuko Arusha, sina haja ya kuanzia mbali.

Wakubwa kati yenu mnakumbuka misafara ya magari meupe yenye nembo ya Umoja wa Mataifa ikielekea AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha hapa mjini. Pale ndipo ilipokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994 na kufunga kazi Desemba 2015. Kizimbani walipanda watu wa kila aina. Alipanda Waziri Mkuu, Jean Kambanda, akakiri kosa la mauaji ya kimbari. Alipanda Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo, Septemba 1998. Walipanda Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana na Padri Athanase Seromba. Alipanda Alfred Musema, mkurugenzi wa kiwanda cha chai cha Gisovu. Walipanda watu wa redio na magazeti. Alipanda mwanamuziki Simon Bikindi, akafungwa miaka 15 kwa maneno aliyoyatamka kwenye kipaza sauti akiwa njiani na msafara wa wanamgambo. Mgeni aliyehukumiwa alikuwa mmoja tu, Georges Ruggiu, Mbelgiji, naye alikuwa mtangazaji.

Pitieni orodha nzima ya waliohukumiwa. Hamtakuta hata mmoja aliyefungwa kwa kuwauzia wauaji silaha.

Najua jibu linalokuja haraka: Rwanda watu waliuawa kwa mapanga, bunduki zinaingiaje? Ni kweli mapanga yaliua wengi mno. Lakini someni hukumu zenyewe. Mahali pengi walipokusanyika maelfu, kanisani au uwanjani, waliotangulia ni wanajeshi na askari kwa risasi na maguruneti. Wenye mapanga na marungu walifuata kuwamalizia waliojeruhiwa. Kule Bisesero, juu ya vilima vya Kibuye, Watutsi walijihami kwa mawe na mikuki kwa wiki kadhaa, na wakawarudisha nyuma wenye mapanga. Katikati ya Mei waliletwa wanajeshi wenye bunduki, na hapo ndipo ngome ya Bisesero ilipovunjika. Mawe yaliweza kushindana na panga. Hayakuweza kushindana na bunduki. Na bunduki bila risasi ni kipande cha chuma, kwa hiyo lazima tuulize risasi zilitoka wapi.

Nyingine zilipita katika bahari yetu hii hii.

Mwaka 1993 Shelisheli iliikamata meli iitwayo Malo, iliyokuwa imebeba silaha za kupelekwa Somalia kinyume cha vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Mzigo ukashushwa, ukawekwa ghalani. Tarehe 17 Mei 1994, mauaji ya Rwanda yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 918 kupiga marufuku kuipelekea Rwanda silaha. Wiki chache baadaye walishuka kisiwani Mahé, huko huko Shelisheli, wageni wawili. Mmoja alikuwa Kanali Théoneste Bagosora wa Rwanda, ila safari hiyo alijitambulisha kama mtu wa serikali ya Zaire, Kongo ya leo. Wa pili alikuwa dalali kutoka Afrika Kusini, aliyewahi kuwa katibu wa Rais P.W. Botha. Mkononi walikuwa na ile karatasi inayofungua milango yote katika biashara hii, hati ya mtumiaji wa mwisho, ikisema kwamba mzigo unanunuliwa kwa ajili ya jeshi la Zaire.

Ndege ikapakia usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni, ikarudi tena usiku wa kuamkia tarehe 19. Safari zote mbili ilitua Goma, upande wa Zaire. Mnaoijua Goma mnajua kwamba kutoka hapo kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, ni kuvuka kizuizi cha mpakani kwa miguu, mji kwa mji. Siku hizo hizo, Bisesero, waliobaki walikuwa bado wanawindwa vichakani.

Sasa tazameni fedha. Kutoka akaunti iliyokuwa katika benki ya BNP mjini Paris zilitoka zaidi ya dola milioni 1.3 kwenda akaunti ya dalali nchini Uswisi. Serikali ya Shelisheli, yenye mali, ilipokea takribani dola 330,000. Piga hesabu mwenyewe, uone watu wa katikati walikuwa wanagombea kiasi gani.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wauza silaha wanalijua hilo kuliko sisi. Wana daftari. Wana ankara, hati za ndege, risiti za benki. Ndiyo maana Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, iliyoundwa kwa Azimio namba 1013 la mwaka 1995, iliweza kuyaandika haya kwa tarehe na kwa viwango. Ushahidi wa mauaji mara nyingi hutegemea kumbukumbu ya mtu aliyejificha darini akichungulia. Ushahidi wa mauzo umepigwa muhuri.

Ikawaje baadaye? Mnunuzi, Bagosora, alifika hapa Arusha, akahukumiwa kifungo cha maisha Desemba 2008, rufaa ikapunguza hadi miaka 35, akafia kifungoni nchini Mali mwaka 2021. Dalali alisema yeye aliamini silaha ni za Zaire. Hakuna mahakama iliyompa nafasi ya kulithibitisha hilo chini ya kiapo, maana hakuna iliyomshtaki. Kuhusu benki, mwaka 2017 mashirika matatu, Sherpa, CPCR na Ibuka ya Ufaransa, yalipeleka malalamiko mjini Paris, miaka 23 baada ya fedha kutoka.

Na hao ni wachache kati ya wengi. Novemba 1996, kambi ya wakimbizi ya Mugunga karibu na Goma ilipovunjwa, zilipatikana nyaraka za kampuni iitwayo Mil-Tec. Zilionyesha silaha za mamilioni ya dola zilizopelekwa kwa serikali ile ile iliyokuwa inaua, kati ya Aprili na Julai 1994. Kampuni ilikuwa imesajiliwa katika Kisiwa cha Man, na watu wake wakifanyia shughuli Uingereza. Serikali ya Uingereza ikachunguza, ikagundua kwamba vikwazo vya Umoja wa Mataifa havikuwa vimeingizwa katika sheria za kisiwa hicho. Kwa hiyo hakuna kosa, na hakuna kesi. Watu wa Ngara waliosimama kwenye daraja la Rusumo, wakaona Kagera ikiteremsha maiti kuelekea Ziwa Victoria, waliambiwa, kwa lugha ya kisheria, kwamba tatizo lilikuwa la uandishi wa sheria.

Ndugu zangu, mimi ni mwanasheria na naiheshimu kanuni kwamba hakuna kosa bila sheria. Ninachokataa ni madai kwamba sheria ya kumgusa muuzaji haikuwepo. Ilikuwepo tangu mwaka 1946.

Machi mwaka huo, mjini Hamburg, mahakama ya kijeshi ya Waingereza ilimsikiliza Bruno Tesch. Huyu hakuwahi kuvaa bastola kambini wala kumfungia mtu mlango. Alikuwa na kampuni ya kufukiza dawa ya wadudu. Dawa yake ilikuwa Zyklon B, ile ya kuulia chawa na kunguni kwenye maghala na nguo, na mmoja wa wateja wake wakubwa alikuwa SS, kikosi cha Wanazi, huko kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz. Utetezi wake ulikuwa rahisi: niliuza dawa ya wadudu, sikujua wanaifanyia nini. Mhasibu wa kampuni yake mwenyewe akapanda, akaeleza kwamba aliiona ripoti ya safari ya bosi wake, na ndani yake mazungumzo ya kuua watu kwa gesi. Tesch na msaidizi wake mkuu, Karl Weinbacher, walinyongwa. Mshtakiwa wa tatu, fundi wa kampuni, Joachim Drosihn, aliachiwa, kwa kuwa hakuwa na madaraka yoyote juu ya mauzo.

Naipenda hukumu ile kwa sababu ya yule wa tatu. Mahakama haikufagia kila aliyekuwa na kitambulisho cha kampuni. Iliuliza mambo mawili: ulijua? Na ulikuwa na uwezo wa kusema hapana?

Chukueni maswali hayo mwende nayo Soko la Kilombero hapa mjini. Mwenye duka la vifaa anauza panga. Mkulima wa Tengeru analinunua, akafyeke migomba. Akija mwingine akanunua, kisha akaenda kumkata jirani yake, muuzaji analala usingizi wake, na sheria inamwacha alale. Lakini mwenye duka yule yule akija mtu kuagiza mapanga mia tano, akamweleza kwamba Jumamosi wanavamia mtaa fulani, naye akahesabu noti na kumuuliza kama anataka na mawe ya kunolea, huyo ameingia ndani ya uvamizi. Panga ni lile lile, na bei ni ile ile. Kilichomtia hatiani ni kile alichokijua wakati anapokea fedha.

Waholanzi wameifuata njia hiyo. Frans van Anraat aliiuzia Iraq ya Saddam Hussein zaidi ya tani elfu moja za kemikali ambayo pia hutumika viwandani kwa mambo ya kawaida kabisa. Iraq ikatengenezea gesi ya haradali, ikawamwagia Wairani na Wakurdi. Desemba 2005 mahakama ya The Hague ilimhukumu miaka 15 kwa kushiriki uhalifu wa kivita, na rufaa ikamwongezea. Kosa la kushiriki mauaji ya kimbari lilimponyoka, maana haikuthibitika kwamba alijua nia ile mahususi ya kuwaangamiza Wakurdi. Mnaona umakini? Mahakama inapima alichokijua kama sonara anavyopima dhahabu, na bado inamfunga.

Mwaka 2017, Uholanzi hiyo hiyo, mfanyabiashara wa magogo Guus Kouwenhoven alihukumiwa miaka 19 kwa kuingiza silaha Liberia kwa ajili ya Rais wake wa wakati huo, Charles Taylor, kupitia bandari ya Buchanan ambako kampuni yake ilikuwa inasafirishia mbao. Na Taylor mwenyewe, aliyewapelekea waasi wa Sierra Leone silaha, alipata miaka 50. Katika rufaa yake, Septemba 2013, mawakili walijenga hoja kwamba haitoshi mtu kujua, lazima iwe alitaka uhalifu utendeke. Mahakama ikaikataa. Kujua kwamba msaada wako utatumika kwenye uhalifu, ukauendeleza na ukachangia kwa kiasi kikubwa, kunatosha.

Hapa nawaomba wanafunzi mkae macho, maana ndipo wauza silaha watakapopenyea kesho. Mkataba wa Roma, ule wa ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, Ibara ya 25, unazungumzia anayesaidia kosa kwa lengo la kulirahisisha. Wakili wa muuza silaha atasimama na kusema: lengo la mteja wangu lilikuwa faida, wala hakuwa na chuki na mtu. Na huenda anasema kweli! Wengi wao hawana chuki na mtu yeyote. Wangewauzia pande zote mbili, na mara nyingine wamefanya hivyo. Mimi nasema kutokuwa na chuki hakuwezi kuwa ngao. Yule wa Bisesero aliyepigwa risasi hakufa nusu kwa sababu aliyeiuza alikuwa anatafuta riziki.

Na ile hoja nyingine, tunayoisikia hata vijiweni: nisipouza mimi, atauza mwingine. Hakimu gani anamwachia dereva wa majambazi kwa kuwa mtaani kuna madereva wengine?

Kizuizi kikubwa kilichobaki ni mipaka, na hapa wauza silaha ni mafundi. Agosti 2000 polisi wa Italia waliingia hotelini karibu na Milano kwa habari ya dawa za kulevya, wakamkuta Leonid Minin, na chumbani mwake nyaraka zaidi ya elfu moja. Ndani yake kulikuwa na hati ya mtumiaji wa mwisho ya Côte d'Ivoire, ya tani 113 za risasi zilizotoka Ukraine, mzigo ambao njia yake iliishia Liberia. Hati zilikuwepo na mtu alikuwepo. Mahakama ya juu ya Italia ikasema haina mamlaka kwa habari ya silaha, kwa sababu mzigo haukugusa ardhi ya Italia. Alikaa Italia, akapiga simu, akatuma fedha, mzigo ukapita kwingine, na sheria ikabaki imekodoa macho.

Msidhani hayo ni ya Ulaya peke yake. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli MV Faina ikielekea Mombasa na vifaru 33 vya T-72. Serikali ya Kenya ikasema ni vya jeshi lake. Karatasi za shehena zilikuwa na herufi zilizoashiria Sudan Kusini, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijawa nchi. Aliyekamatwa na kufikishwa mahakamani katika sakata lile alikuwa msemaji wa chama cha kuwasaidia mabaharia, aliyesema hadharani kwamba mzigo si wa Kenya. Mwaka 2013 Sudan Kusini iliingia vitani yenyewe kwa yenyewe, na vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa vilikuja Julai 2018.

Na sisi Watanzania tunayo rada yetu. Ile si bunduki, lakini aliyetuuzia ni kampuni ya silaha, BAE Systems, kwa pauni milioni 28, wakati nchi inaomba kusamehewa madeni. Desemba 2010, mjini London, kampuni ilikiri kosa la kutotunza vizuri hesabu za malipo ya wakala wake hapa. Hesabu tu, ndugu zangu. Faini pauni laki tano, na pauni milioni 29.5 zikarudi, ile mliyoizoea kuiita chenji ya rada, zikanunua vitabu na madawati. Watoto wamesoma vile vitabu na nashukuru kwa hilo. Lakini ile ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Kampuni ililipa, hakuna mtu aliyesimama mbele ya hakimu akaulizwa alijua nini.

Nimeyasema ya serikali na makampuni, sasa niwaambie ya makuli. Aprili 2008 meli ya Kichina, An Yue Jiang, ilitia nanga nje ya Durban na tani 77 za silaha: risasi milioni tatu, maroketi, mabomu ya mizinga. Zilikuwa zinakwenda Zimbabwe, wiki chache baada ya uchaguzi, wakati wapinzani wanapigwa vijijini. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imeshatoa kibali cha kupitisha. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, SATAWU, kikatangaza kwamba wanachama wake hawatashusha kontena hata moja, na madereva wa malori hawatabeba. Wakati huohuo askofu wa Kianglikana, Rubin Phillip, akaenda Mahakama Kuu na mawakili, wakapata amri ya kuzuia mzigo kupita. Meli ikang'oa nanga.

Watu wale walikuwa wa kushusha mizigo kwa ujira wa kutwa. Hawakuuza wala kununua chochote. Kama kuna mtu angeweza kusema hainihusu, ni wao. Walijua, na walikuwa na uwezo wa kusema hapana: maswali yale yale mawili ya Hamburg, wameyajibu wenyewe bila kusubiri kuitwa.

Tuna vyombo vya kuanzia. Kuna Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 juu ya silaha ndogondogo, inayozitaka nchi zetu kuwasajili na kuwadhibiti madalali. Kuna Mkataba wa Biashara ya Silaha, uliopitishwa Umoja wa Mataifa tarehe 2 Aprili 2013 kwa kura 154 dhidi ya 3, ambao Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizouandaa. Ibara yake ya 6 inaikataza serikali kuidhinisha mauzo ikiwa inajua silaha zitatumika kwa mauaji ya kimbari. Lakini mkataba unaifunga serikali. Haumfungi pingu dalali aliyekaa sebuleni na simu tatu.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa chama chenu cha wanafunzi. Andikeni barua kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, nakala kwa Bunge la Afrika Mashariki lililo hapa hapa mjini. Swali liwe hili: mtu akikaa Njiro, hapa Arusha, akapanga silaha zitoke nchi ya pili kwenda nchi ya tatu bila kugusa ardhi ya Tanzania, huku akijua zitaua raia, atashtakiwa kwa kifungu kipi, mbele ya mahakama ipi, na adhabu yake ni nini? Ulizeni hivyo hivyo kwa Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura. Kama kifungu kipo, watupe namba yake. Kama hakipo, leteni rasimu. Nitakaa nanyi kuiandika, na jina langu liwe la kwanza kwenye sahihi.

Ahsanteni sana.